Mtumbwi Wakati wa Masika

Dominika ya Tano ya Mwaka C (Lk 5:1-11)



Injili ya leo yatuonyesha wavuvi waliokesha usiku kucha bila kupata kitu. Wamekwisha kuosha nyavu, na macho yao yana usingizi. Ndipo Yesu anapoingia katika chombo cha Simoni, anafundisha makutano, kisha anamwagiza mwenye chombo arudi kilindini mchana kweupe. Wavuvi wa Ujiji na Kigoma wanaelewa ugumu wa agizo hilo. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana wengi hubaki nchi kavu. Petro naye aliijua kazi yake. Aliambiwa aende saa isiyofaa, na aliyemwambia alikuwa seremala. Hata hivyo, kwa kuitegemea kauli ya Bwana, alikwenda.

Sisi binadamu tunapenda kuchagua nyakati. Huko pwani, katika visiwa vya Mafia, hoteli kadhaa hufungwa miezi ya Aprili na Mei, masika yanapozidi. Mgeni anayetaka kuzunguka kwa mashua kati ya Chole, Juani na Jibondo huambiwa kwamba huo si msimu. Akithubutu kwenda, atakuta bahari ya kijivu, mvua usoni, na visiwa vilivyonyamaza. Lakini akitazama vema ataona kwamba watu wapo. Moshi wa jikoni unafuka kama siku zote, na mvuvi anatengeneza wavu wake chini ya paa. Kwake yeye kisiwa hakina msimu wa kuwapo na msimu wa kutokuwapo. Neno "si msimu" ni neno la mgeni, mwenyeji halijui.

Nasi watu wa Usinge tunavyo visiwa vyetu. Toka Novemba hadi Aprili mvua hunyesha, Malagarasi hufurika, Ziwa Sagara hutanuka, na mafunjo husimama majini kila upande. Ni nchi ya maji mengi, ambayo mwaka 2000 iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kutoka Tanzania. Wakati huo kambi za wavuvi na vitongoji vya mabondeni hugeuka visiwa. Pikipiki haipiti, baiskeli hubebwa begani, na kinachofika ni mtumbwi peke yake. Hapo ndipo husikika maneno haya vigangoni: tungoje kiangazi. Mafundisho ya ubatizo yangoje kiangazi, mgonjwa angoje kiangazi, mjane atatembelewa njia ikikauka. Ndugu zangu, je, mauti nayo hungoja kiangazi?

Waliotuletea imani hawakungoja. Februari 1858 Burton na Speke walivushwa Malagarasi kwa mitumbwi ya wenyeji wakielekea Ujiji. Yapata miaka ishirini baadaye, Wamisionari wa Afrika waliotoka Bagamoyo mwaka 1878 walishika njia hiyo ya misafara, wakapita Tabora, wakafika Ujiji Januari 1879, katikati ya mvua. Wale wa kwanza walitafuta ziwa. Hawa walitafuta watu. Mtume Paulo alikwisha kumwagiza Timoteo kwamba Neno lihubiriwe wakati ufaao na wakati usiofaa.

Namfahamu katekista mmoja, mkulima wa mpunga, ambaye kila Februari huvuka maji kwenda kambi moja ya wavuvi. Mtumbwi wavuja, mwenzake hupiga kasia, naye huyamwaga maji kwa kopo, kitabu cha ibada amekizungushia nailoni. Nilimwuliza ni wangapi wanaomsubiri huko. Akanijibu: "Padre, mara nyingine watano, mara nyingine mmoja. Lakini huyo mmoja amekaa majuma matatu bila kusikia mtu akimwita kwa jina lake la ubatizo."

Simwambii mtu ajitose majini bila busara. Mito yetu ina mamba na viboko, na mwenye mtumbwi akisema leo hapavukiki, asikilizwe. Kumjaribu Mungu si imani. Tena tukumbuke kwamba Petro hakufanya kazi peke yake: nyavu zilipolemewa, aliwapungia mkono wenzake wa chombo cha pili. Basi katekista asiachwe peke yake. Kila jumuiya ndogondogo ijue ni nyumba zipi zimezingirwa na maji, nani mgonjwa humo, nani mjamzito, nani mzee asiye na mtu. Watu wawili wapangwe kwenda siku ambayo maji yametulia. Wasioweza kuvuka wachangie nauli ya mtumbwi, unga na chumvi. Na asiye na hata hicho amwombee anayevuka.

Upendo unaongoja njia ikauke ni upendo wa mgeni. Kristo hakutujia kama mgeni wa msimu, alikaa kwetu. Juma hili, kila mmoja ajiulize: ni nani ninayemwacha ng'ambo kwa sababu kunanyesha?

Ee Bwana, uliyeingia katika chombo cha mvuvi aliyechoka, ingia na katika mitumbwi yetu inayovuja. Utupe moyo wa kwenda, na busara ya kurudi salama. Amina.