Anakwenda kwa Nani?

Tunazungumza nanyi kutoka Mwingi, na jambo tulilo nalo leo ni la watoto wetu wanaohama nyumbani wakiwa bado na miaka 15 au 16.

Kama umepata kufika stendi ya Mwingi alfajiri, umewaona. Basi la kwenda Thika na Nairobi linanguruma, na kando yake amesimama kijana mwenye mfuko mmoja tu. Mama yake amebeba kiondo cha ndengu, au chupa ya asali, ya kumpelekea mwenye nyumba. Wengine wametoka Kyuso, wengine Tseikuru, wengine Nuu. Wavulana wanakwenda kutafuta kazi ya mjengo, na wasichana wanakwenda kulea watoto wa watu. Basi likiondoka, mama hufuta macho kwa ncha ya leso, akarudi nyumbani upesi, maana mbuzi hawajafunguliwa.

Ndugu msikilizaji, hatusemi kwamba kutoka nyumbani ni dhambi. Sisi Wakamba ni watu wa safari tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka huku kwetu ikafika Mombasa, na Mzee Kivoi, aliyempokea mmisionari Krapf huko Kitui mwaka wa 1849, alikuwa mfanya biashara wa safari hizo. Lakini aliyesafiri alikwenda pamoja na watu wake. Tena kijana wa zamani aliporudi jioni na mifugo, aliketi na wazee kwenye thome, pale penye moto nje ya boma, na wazee walijua kama yuko au hayuko. Siku hizi mtoto anaweza kukaa Nairobi mwaka mzima, na nyumbani hakuna ajuaye jina la mtaa anaolala.

Tuwaambieni habari moja, nayo si ya kutusifu. Mnakumbuka jinsi mvua zilivyokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Katika siku hizo mama mmoja wa kanisa letu alibisha mlangoni kwetu kabla ya jua kutoka. Alikuwa na binti yake wa miaka 15, aliyemaliza darasa la nane. Akasema, “Pasta, mtuombee, mtoto amepata kazi Nairobi.” Sisi wawili, mchungaji na mke wake, tukatoka, tukamwekea mikono, tukaomba maombi marefu. Tukamwongezea shilingi 200 za nauli. Kisha tukarudi ndani kunywa chai, tukiona kwamba tumefanya kazi ya Mungu.

Baada ya miezi 14 alirudi na mfuko ule ule. Alikuwa akilala jikoni. Simu yake ilichukuliwa wiki ya kwanza. Mshahara ulipelekwa kwa mwanamke aliyemtafutia kazi, na uliofika Mwingi haukutosha debe la mahindi. Tulipomtembelea kwao, tulimkuta akichambua mbaazi. Tukamwambia kwamba tumekuwa tukimkumbuka katika sala. Akajibu kwa upole, bila kutazama juu, “Asante, Pasta. Siku ile mliomba vizuri. Lakini hakuna mtu aliyeniuliza ninakwenda kwa nani.”

Tulikosa la kusema. Ilikuwa kweli. Tulijua vizuri kwamba ni mtoto. Tulijua kwamba sheria ya nchi yetu humhesabu kuwa mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na kwamba elimu ya msingi ni haki yake. Hatukuuliza hata kama angependa kuendelea na shule. Njaa ilikuwa kubwa, na sisi hatukutaka kumwaibisha mama yake kwa maswali. Basi aibu tuliyomwondolea mama, binti ndiye aliyeibeba.

Tukaenda tukafungua Biblia mahali tulipokuwa tumehubiri mara nyingi, 2 Wafalme mlango wa 5. Ninyi mnaijua habari ya Naamani, jemadari mwenye ukoma. Katika nyumba yake alikuwako msichana mdogo aliyetekwa kutoka nchi ya Israeli, akimtumikia mke wa Naamani. Yeye ndiye aliyesema kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake. Kila mara tulimsifu kwa imani yake, kisha tukakimbilia mto Yordani pamoja na Naamani. Safari hii hatukuweza kukimbia. Tuliona kwamba jina lake halikuandikwa. Naamani alirudi kwake na mwili safi, tena na mizigo ya udongo wa Israeli, lakini hatuambiwi kama msichana naye aliwahi kuuona udongo huo kwao. Hatuambiwi mama yake alilalaje usiku ule alipochukuliwa. Walimteka kwa nguvu. Wa kwetu tunawasindikiza wenyewe mpaka kwenye basi.

Lakini hata katika nyumba ile ya mateka, neno la msichana mdogo lilisikilizwa, likafika kwa bibi yake, na kwa bwana wake, na hata kwa mfalme. Ninyi wakristo mlio na wasichana wa kazi huko Nairobi na Thika, na tunajua mnatusikia, ni lini mlimwuliza huyo aliye jikoni habari za nyumbani kwao? Na Jumapili anaketi kanisani, au anabaki akipika ili ninyi mkirudi mle?

Na wazazi, mtazameni Isaka. Alipomtuma Yakobo, alimtajia nchi, akamtajia na nyumba, akamwambia ni ya nani katika ukoo wa mama yake. Hata hivyo, mtu yule aliyekwenda kwa mjomba wake mwenyewe alibadilishiwa mshahara mara kumi! Itakuwaje kwa mtoto anayekwenda kwa rafiki wa jirani wa shangazi?

Tangu siku ile tumeshika desturi moja katika kanisa letu, nayo imewaudhi wengine. Mzazi akituletea mtoto tumwombee safari ya kazi, kwanza twauliza: una miaka mingapi, shule imeisha kwa nini, unakwenda kwa nani. Kama ni karo au sare iliyokosekana, twaomba kwanza tupewe nafasi ya kuzungumza na wazee wa kanisa na mwalimu mkuu. Kama ni kijana mkubwa, twapiga simu kwa mwenye nyumba mbele yake, twaandika jina na mtaa katika daftari, na mtu mmoja huagizwa kumjulia hali kila mwisho wa mwezi. Twamfundisha pia namba 116, ya kuwasaidia watoto, ambayo haimtozi mpigaji kitu. Mama mmoja alikasirika akasema, “Nilikuja kuombewa, sikuja polisi.” Aliondoka bila maombi. Wiki ya pili alirudi, na binti yake pamoja naye, akiwa na sare ya shule aliyoazima.

Na yule wa kwanza? Sasa anajifunza kushona hapa mjini Mwingi. Tulimwomba ruhusa ya kuisimulia habari hii, akakubali, ila akataka tusitaje jina lake.

Na tuombe. Ee Bwana, uwaangalie waliopanda basi asubuhi ya leo, ambao sisi hatujui walikoshukia. Uwape mlango wa kulala na mtu wa kuwaita kwa majina yao. Uwaguse wazazi wanaongoja simu usiku huu. Utusamehe sisi wachungaji kwa maswali tuliyoacha kuuliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.