Seva ndogo au laptopu? Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Maneno ya afisa wa teknolojia ya habari mbele ya wananchi, Ngomeni



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowahusu wenye vikundi. Mnataka kuhamisha rekodi kutoka daftarini hadi kwa kompyuta: samaki waliopimwa, akiba za wanachama, mikopo. Muuzaji mmoja anawaambia mnunue seva, mwingine laptopu. Pesa ni za michango, na zikipotea mara moja, wanachama hawatachanga tena.

Tuanze na prosesa. Hiki ndicho kifaa kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta. Prosesa ya laptopu ya kawaida imetengenezewa mtu mmoja anayefungua asubuhi na kufunga jioni. Ya seva imetengenezewa mashine inayokesha, huku watu kadhaa wakiandika humo kwa pamoja. Halafu kuna laptopu za kazi nzito, zinazotumiwa na wapima ardhi na wachora ramani. Intel ilitangaza prosesa za Xeon za laptopu za aina hiyo mwaka 2015. Kwa seva ndogo za sasa mtasikia Xeon E-2400, iliyotoka mwishoni mwa 2023 ikiwa na viini hadi 8, na EPYC 4004 ya AMD, ya Mei 2024, yenye viini hadi 16.

Tofauti kubwa haiko kwenye kasi. Iko kwenye kumbukumbu inayojisahihisha, iitwayo ECC. Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja. Sifuri moja tu ikigeuka kuwa moja, kilo 40 za pweza zinaweza kusomeka kilo 104, na hakuna taa itakayowaka kuwaonya. ECC huongeza biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64. Biti moja ikikosea, inairekebisha. Zikikosea mbili, inatoa taarifa.

Kinachogeuza biti ni nini? Wakati mwingine ni kumbukumbu mbovu, wakati mwingine ni chembe kutoka anga za juu. Jambo hilo si geni kwa Ngomeni. Kutoka majukwaa yale yaliyo baharini, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Watengenezaji wa setilaiti hujipanga kwa ajili ya chembe hizo, maana huko juu ni nyingi. Huku chini ni nadra kuharibu kitu, lakini mashine inayokesha miaka mitano ina nafasi kubwa zaidi ya kupatwa.

Sasa jihadharini. ECC hufanya kazi pale tu prosesa, bodi kuu na vipande vya kumbukumbu vyote vinapoikubali. Neno "seva" lililobandikwa kwenye kasha si ushahidi. Mwambieni muuzaji aiwashe mashine na awaonyeshe.

Pia ECC haizuii stima kukatika, wala hewa ya chumvi inayokula vyuma hapa kwetu, wala mwizi. Kinga ya hayo ni betri ya akiba, chumba kikavu, na nakala mbili za rekodi, moja ikikaa nyumba nyingine. Asiye na nakala hata seva ya bei ghali haitamsaidia.

Tuje kwenye mitumba. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Someni namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Laptopu ya zamani inaweza kutumia Linux bila malipo ya leseni, mradi programu yenu ya hesabu ifanye kazi humo.

Wenye sola, ulizeni wati. i5-8350U imekadiriwa wati 15. Xeon E-2400 ni wati 55 hadi 95, na hiyo ni prosesa peke yake.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Kikundi chenye karani mmoja hakihitaji seva. Laptopu nzuri ya kizazi cha 8 au zaidi na nakala mbili zinatosha, na pesa itakayobaki inunue betri. Kama watu watano au zaidi wataandika kwa wakati mmoja mchana kutwa, hapo seva ndogo yenye ECC ina maana. Laptopu ya kazi nzito iachieni kazi ya ramani na michoro.

Jambo la mwisho: majina, namba za simu na madeni ya wanachama yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wekeni neno la siri, na mkubaliane mkutanoni nani analijua.

Kabla ya kulipa, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano: namba ya prosesa, kama kuna ECC, wati, na muda wa dhamana. Muuzaji atie sahihi. Akikataa, rudini na pesa zenu.