Mpima Macho na Kazi Yake



Fundi cherehani aliyeshona kanzu na suruali kwa miaka ishirini, akifika umri wa miaka arobaini na kitu, huanza kuona jambo la ajabu. Uzi haupiti tena katika tundu la sindano. Huinyosha mikono mbali na uso, hukisogeza kiti chake karibu na mlango, na mwisho humwita mtoto amtungie uzi. Mama achaguaye mawe katika maharagwe hupatwa na hayo hayo, na karani vile vile, na mzee asomaye Kitabu mbele ya watu. Wengi hudhani kwamba upofu umebisha hodi. Wengine huacha kazi zao wakiwa na nguvu tele.

Huo si upofu. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo laini, ambayo hubadili umbo lake mtu anapotazama kitu cha karibu. Kadiri miaka inavyopita lenzi hiyo hukakamaa. Jambo hili humpata kila mwanadamu, awe mkulima au profesa, na dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Lakini si kila jicho lenye giza lina shida hiyo, na hapo ndipo ilipo kazi ya mpima macho: kulitenga jicho linalohitaji miwani na jicho linalohitaji daktari.

Watu huwachanganya mafundi hawa. Daktari wa macho amesoma udaktari wote kwanza, kisha akajifunza macho peke yake. Yeye hupasua na kutibu. Fundi wa miwani huchonga vioo na kuvitia katika fremu kwa kufuata cheti alicholetewa. Mpima macho yu katikati yao. Hupima nguvu za macho, huandika cheti cha miwani, hulichunguza jicho nje na ndani, na akiona ugonjwa ulio juu ya uwezo wake humpeleka mtu kwa daktari bila kukawia. (Katika Kenya wako pia maofisa wa kliniki waliofundishwa magonjwa ya macho, na baadhi yao hupasua mtoto wa jicho kwa ustadi mkubwa, lakini hiyo ni kazi nyingine.)

Kazi yenyewe huanza kwa maswali. Shida ilianza lini? Macho yote mawili au moja? Je, mtu ana kisukari? Yuko mzazi au ndugu aliyepofuka? Anafanya kazi gani? Swali hili la mwisho si la mazungumzo tu, kwa maana dereva wa lori na mshona viatu hawahitaji kuona kwa umbali mmoja.

Kisha huja ubao wa herufi, ambao mfano wake ulitungwa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa mji wa Utrecht huko Uholanzi. Mtu husimama mita 6 kutoka ubaoni, huziba jicho moja, husoma mistari kutoka herufi kubwa mpaka ndogo. Asiyejua kusoma huonyeshwa alama yenye miguu mitatu, mfano wa herufi E, naye huonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Ikiandikwa kwamba jicho ni 6/60, maana yake ni kuwa jicho hilo huona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima lingekiona kwa mita 60.

Baada ya hayo taa hupunguzwa, na mpima macho hushika chombo kidogo chenye mwanga kiitwacho retinoskopu. Huupitisha mwali wake mbele ya mboni, akautazama ule mwanga mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho. Mara mwanga huo huenda upande mmoja na mwali wake, mara huenda kinyume, nao humwambia ni kioo cha namna gani kinachohitajiwa. Huweka vioo kimoja baada ya kimoja mpaka mwanga uijaze mboni yote kwa mara moja. Hapo amekwisha kupata kipimo, na mtu hajasema neno hata moja! Ndiyo maana bubu, mtoto mchanga, na mgeni asiyeijua lugha ya mahali huweza kupimwa sawasawa. Anayeweza kujibu huulizwa tena: Hiki au kile? Cha kwanza au cha pili? Maswali haya huchosha, na mpima macho asiye na subira huyakatisha, akatoa miwani inayoumiza kichwa.

Mwisho huangalia ndani ya jicho kwa oftalmoskopu, chombo kilichovumbuliwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na hupima presha ya jicho. Sehemu hii ndiyo ambayo watu hutaka kuiruka, kwa kuwa wamekwisha kuona herufi vizuri na wanataka kwenda zao. Nayo ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Uko ugonjwa uitwao glakoma, ambao wengi huuita presha ya macho. Hauumi. Hauwashi wala hautoi machozi. Huuharibu mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo, nao huanza kula pembeni, hata mtu aweza kusoma gazeti vizuri sana huku akigonga mlango kwa bega kwa sababu hakuuona. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Daktari huweza kukilinda kilichobaki tu. Tena watu wa asili ya Kiafrika hupatwa nao zaidi na mapema kuliko wengi wengine. Basi fikirini mtu wa miaka hamsini anunuaye miwani ya kusomea kandokando ya barabara. Miwani ile si mibaya, na kwa macho yaliyo sawa huenda ikamfaa kabisa. Lakini amejiona amepona, akarudi nyumbani kwa furaha, na hakuna aliyemtazama ndani ya jicho.

Watoto nao wana habari yao. Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Adhani watu wote huona ubao wa darasani kama ukungu. Wengi wameitwa wavivu kwa sababu hiyo, na katika siku za viboko walichapwa. Mwingine jicho lake moja ni zima na la pili ni dhaifu, na ubongo hulizoea lile zima tu. Jicho lililoachwa hivyo tangu utotoni, miwani ya ukubwani huenda isilisaidie kitu. Kwa hiyo kumpima mtoto kabla hajaanza shule ni jambo la maana, na wazazi wasemao kwamba miwani hudhoofisha macho ya mtoto wamekosea.

Kwa wale wanaotaka kujua faida ya kazi hii kwa fedha, liko jambo lililofanyika katika jimbo la Assam, nchi ya Uhindi, na kutangazwa mwaka 2018. Wachumaji chai 751, wote wenye umri wa miaka 40 au zaidi na wasioona vizuri karibu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miwani mara moja, la pili likangoja hadi mwisho wa jaribio. Waliopewa miwani waliongeza mavuno yao kuliko wenzao kwa asilimia 21.7. Wachumaji wa Kericho na Limuru wanaolipwa kwa kilo wataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 walikuwa na shida hii ya kutoona karibu bila kusaidiwa.

Kijana atakaye kazi hii hana budi kupenda fizikia, hasa habari za mwanga, na biolojia, na hesabu. Masomo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega, katika Makerere huko Uganda, na katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Akimaliza aweza kufanya kazi hospitalini, kama katika hospitali za macho za Kikuyu na Sabatia, au dukani mjini. Wengi huchagua duka la mjini, na hakuna awezaye kuwalaumu sana, kwa maana vyombo ni ghali na vijijini mshahara ni mdogo. Hata hivyo fundi cherehani wa kijijini hubaki bila msaada mpaka gari la hospitali lipite, vioo vikiwa sandukuni na ubao wa herufi ukitundikwa ukutani mwa shule.

Duka nalo lina jaribu lake. Yule anayepima ndiye auzaye. Mtu akija na shilingi mkononi, naye macho yake hayahitaji kitu, mpima macho mwaminifu humwambia hivyo na kumwacha aende na shilingi zake. Asiyeweza kufanya hivyo afadhali auze vitambaa.

Mwenye kwenda kupimwa na achukue dawa zote anazotumia, hata za moyo na za kisukari, na aseme wazi kama katika ukoo wake yuko aliyepofuka. Akiwa na miwani ya zamani, hata kama imevunjika mkono, asiiache nyumbani, kwa kuwa mpima macho huipima kwanza hiyo kwa mashine yake, ajue jicho limegeuka kiasi gani tangu siku ile ilipotengenezwa.