Gharama za Matibabu na Mgawanyo wa Mzigo

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya gharama za matibabu na mageuzi ambayo Serikali yetu imekuwa ikiyafanya katika jambo hilo. Naelewa kwamba nasimama mbele ya watu ambao karibu wote wana kadi ya bima mfukoni. Mwenye kadi na asiye na kadi hawalitazami suala hili kwa jicho moja, na kwa kuwa nyinyi ndio mnaoandika taarifa, mnaofundisha na mnaoulizwa na wanakijiji, ni muhimu mlitazame pia kwa jicho la yule asiye nayo.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa letu liliamua kwamba tiba si bidhaa ya kuchuuzwa. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa vijijini, aghalabu kwa nguvu za wananchi wenyewe, na mwaka 1977 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku hospitali za watu binafsi zilizoendeshwa kwa faida. Dunia ilipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, mengi yaliyosemwa huko sisi tulikuwa tumekwisha kuyaanza. Lakini yakafuata mambo mazito: kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni. Zahanati ikabaki na jengo, mganga na kalamu. Mgonjwa aliandikiwa dawa bila malipo, kisha akaenda kuinunua dukani kwa bei ya mwenye duka. Huo ndio ukweli wa miaka ile, na wale wanaozungumzia matibabu ya bure ya zamani kana kwamba yalikuwa maziwa na asali, ama walikuwa wadogo mno, ama wameamua kusahau.

Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Ubishi ulikuwa mkali. Wako waliosema misingi yetu imetupwa, na wako waliosema hapakuwa na njia nyingine. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa ilikuwa mahali ambapo wachache walipatazama. Utaratibu ule uliwasamehe watoto walio chini ya miaka mitano, akina mama wajawazito, wenye maradhi ya kudumu kama kifua kikuu na ukoma, na watu wasio na uwezo. Mtoto na mjamzito wanaonekana kwa macho. Je, umaskini nani aupime? Kazi hiyo waliachiwa watumishi wa hospitali ile ile iliyokuwa ikihitaji fedha za dirishani ili inunue glovu na dawa. Aliyepewa kazi ya kusamehe ndiye aliyepewa pia kazi ya kukusanya. Msishangae basi kwamba msamaha ulikuwa mwingi katika karatasi kuliko wodini.

Hatua iliyofuata ilikuwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikatungwa mwaka 1999, na mwaka 2001 mfuko huo ukaanza kazi kwa watumishi wa Serikali. Mnaufahamu: asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa mtumishi na nusu akilipa mwajiri. Msingi wa asilimia ni wa haki, kwa sababu mwenye mshahara mkubwa hutoa zaidi na mwenye mdogo hutoa kidogo, hali wote wakiugua kwa namna moja.

Sasa nawaombeni tufanye hesabu. Mwaka 2022, wakati muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa ukijadiliwa, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka. Tuseme yupo mwalimu anayepata mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Asilimia 3 yake ni shilingi 18,000, yaani shilingi 216,000 kwa mwaka, naye hukatwa kidogo kidogo kila mwezi. Jirani yake mkulima wa pamba, ambaye hushika fedha mara moja tu kwa mwaka na asiye na mwajiri wa kumwongezea nusu, angetakiwa atoe shilingi 340,000. Kutoka mfukoni mwake mwenyewe, mkulima angemzidi mwalimu! Ili mtumishi afikie kiasi hicho, mshahara wake haukosi kuwa zaidi ya shilingi 940,000 kwa mwezi. Kelele zilizosikika wakati ule ziliitwa na baadhi ya watu kutokuelewa. La hasha, wananchi walikuwa wameelewa vizuri sana.

Hata miongoni mwetu wenye kadi mzigo haulingani. Mwalimu wa shule ya kijiji cha mbali hukatwa asilimia ile ile anayokatwa mwenzake wa Dar es Salaam. Wa Dar es Salaam huchagua hospitali. Wa kijijini ana zahanati moja, na siku dawa zimekwisha kadi yake haina kazi. Kwa vyovyote mnavyolitazama jambo hili, wa kijijini anamlipia wa mjini. Kwa hiyo anayedai bima kwa wote bila kuuliza habari za dawa na waganga katika zahanati, anauza tiketi ya basi ambalo bado halijanunuliwa.

Upo pia mzigo wa bei. Mwezi Machi mwaka 2024 kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama kwa kuwa hazikuridhika na bei. Hospitali ikilipwa kwa kila kipimo na kila sindano, itakuwa na hamu ya kuviongeza, na mfuko utakuwa na hamu ya kuvipunguza. Mgonjwa yuko katikati. Nasi tunachangia kuharibika huko: kadi huazimwa kwa shemeji na kwa rafiki, na tunaita huruma. Wengine husubiri waugue ndipo wajiunge. Mfuko wa namna hiyo haudumu, hata ukisimamiwa na malaika.

Wenzetu wa Kenya, mwezi Oktoba mwaka 2024, walibadili mfuko wao wa tangu mwaka 1966 na kuweka mchango wa asilimia 2.75 ya kipato. Nao wamekutana na swali lile lile: kipato cha asiye na mshahara hupimwaje?

Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba mwaka 2023, imegusa jambo hili. Imetaja vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo, vikiwamo ushuru wa vinywaji vyenye gesi, pombe na vipodozi. Huo ni uamuzi mwema, maana unautoa mzigo wa maskini kwenye dirisha la hospitali na kuuweka kwenye hazina ya Taifa.

Linabaki suala la orodha. Nani ataandikwa kuwa hana uwezo? Ikiandikwa na mtu mmoja ofisini, ndugu zake watatangulia. Mimi nashauri isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ibandikwe katika ubao wa shule na wa zahanati, na kila mtu awe na haki ya kupinga jina lililomo au kudai jina lililoachwa. Nashauri vilevile kwamba mchango wa mkulima upokewe wakati wa mavuno, si Januari wakati anaponunua sare na madaftari. Kazi hizo haziwezi kufanywa bila mwalimu na ofisa mtendaji, na hao ndio mliomo humu ukumbini. Ningependa sasa kusikia kutoka kwenu, kata kwa kata, ni vipi orodha hiyo ingeandikwa kwenu.