Simu ikikosa mtandao, tufanye nini?

Maneno ya afisa wa Idara ya ICT ya Kaunti ya Taita Taveta kwa wakazi barazani

 

Mimi nimelelewa upande wa nyuma wa mlima, kwa hivyo jambo hili nalijua kutoka nyumbani. Kuna usiku shemeji yangu alishikwa na uchungu wa kujifungua. Simu zilikuwa tatu nyumbani, na hakuna iliyoweza kupiga. Ndugu yangu alikimbia na tochi hadi kwenye mwamba ulio juu ya kijiji, mahali sote tulipopajua kuwa panashika, ndipo akapata mwenye gari. Mama na mtoto walipona. Lakini tulipoteza karibu saa nzima.

Kwa nini iwe hivyo na minara tunaiona kwa macho? Mawimbi ya simu hayapendi kupita ndani ya mlima. Kilele cha Vuria kina mita 2,208. Aliye upande mmoja anaona mnara, aliye upande wa pili anakaa kivulini. Mabati nayo huyazuia mawimbi. Ndiyo sababu simu isiyoshika jikoni hushika ukisogea uani.

Kwanza, tujue shida ni gani. Tazama vijiti vya mtandao juu ya kioo cha simu. Vikiwa kimoja au hakuna, mawimbi ni dhaifu. Vikiwa vimejaa lakini intaneti inakwenda polepole, basi huenda watu ni wengi kwenye mnara mmoja, kama foleni ya mitungi kwenye bomba moja la maji. Hali hiyo huwa mbaya zaidi kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku. Angalia pia salio la bando, kisha linganisha na simu ya jirani mwenye laini ya mtandao huo huo. Kama yake inakwenda vizuri na yako haiendi, shida iko kwenye simu au laini yako.

Mawimbi yakiwa dhaifu, toka nje au panda mahali palipo wazi. Washa alama ya ndege, hesabu hadi kumi, kisha izime, ili simu itafute mnara upya. Kama ni kupiga tu, ingia kwenye mipangilio uchague 2G. Intaneti itakuwa ya polepole sana, lakini mara nyingi sauti itapita. Ndiyo sababu kabambe ya mzee wakati mwingine hushika pale simu kubwa ya kijana inapokwama. Tena kumbukeni, simu inayotafuta mtandao siku nzima humaliza chaji haraka.

Foleni ikiwa ndiyo shida, pakua mambo makubwa alfajiri. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe kwenye WhatsApp, na zima programu zisijisasishe bila ruhusa yako. Huduma nyingi hazihitaji bando hata kidogo: kutuma pesa kwa simu, au kujisajili SHA kwa *147#.

Wenzetu wa Taveta wana shida yao. Simu hushika mtandao wa Tanzania, na salio linakwisha kwa gharama za ng'ambo. Ingieni kwenye mipangilio, mchague mtandao wa Kenya kwa mkono, na mzime data ya nje ya nchi.

Sasa ya dharura. Kama simu haipigi, tuma ujumbe mfupi. Ujumbe hupita kwa nafasi ndogo sana, na ukikwama simu nyingi hujaribu tena. Ukipiga 112, simu inaweza kutumia mnara wowote ulio karibu, hata usio wa mtandao wako. Pasipo na mnara wowote haitapita, kwa hivyo kila nyumba ijue mwamba wake uko wapi kabla ya usiku wa shida. Usiku ule wetu, hakuna aliyekumbuka kujaribu ujumbe wala 112.

Nisiwadanganye. Serikali ya kaunti haimiliki minara wala haitoi leseni za simu. Kazi hiyo ya leseni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Iko pia hazina ya huduma kwa wote, ambayo kampuni huichangia, kwa ajili ya sehemu ambazo biashara peke yake haiwezi kuzifikia. Lakini malalamiko ya "huku hakuna network" hayamsaidii fundi. Andikeni jina la kijiji na kata ndogo, siku na saa, mtandao gani, vijiti vingapi, na kama ni sauti au intaneti. Nyumba kumi zikiandika pamoja ni bora kuliko mtu mmoja kulalamika mara kumi. Pelekeni kwanza kwa kampuni yenu, mchukue nambari ya malalamiko, muitunze. Wasipowatatulia, nendeni kwa Mamlaka na nambari hiyo mkononi.

Na msinunue vile vifaa vya kuongeza mtandao vinavyouzwa bila idhini ya Mamlaka. Kinaweza kukusaidia wewe na kuharibia kijiji kizima.

Mwisho, mkiitwa kutoa maoni kuhusu mnara mpya, njooni. Kama mna wasiwasi, usemeni hapo. Kama mnauhitaji, semeni hapo pia, kwa sababu kiti kitupu hakiandikwi kwenye ripoti.

Karatasi ziko mezani kwa msimamizi wa wadi. Kabla ya kwenda nyumbani, kila kijiji kiandike mahali pake pasiposhika.