Magugu Hayangoji Mshahara
Hotuba juu ya kilimo cha karanga, iliyosomwa mbele ya wanachama



Wengi wetu tushikao kalamu ofisini tuna mashamba ya karanga, yanayotunzwa na jamaa zetu au vibarua. Mavuno yakiwa haba, twasema mvua haikutosha. Yawezekana, lakini mara nyingi hasara huwa imekwisha kuingia shambani kabla mvua haijakatika.

Kwanza, kupanda. Karanga zipandwe mara mvua zikishika, mstari na mstari sentimeta 50, mbegu na mbegu sentimeta 10. Wengine hupanda mbalimbali wakidhani waokoa mbegu. Sivyo. Mimea iliyokaribiana hufunika udongo upesi, na magugu hukosa mwanga. Tena iko faida ya pili. Ugonjwa wa rozeti, ambao habari zake ziliandikwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, hudumaza mkaranga na kuharibu majani yake. Huenezwa na vidukari, nao hupenda kutua penye mapengo. Basi shamba lililopandwa mapema na kwa kukaribiana huugua kidogo kuliko lililochelewa na kutawanyika.

Pili, palizi. Mkaranga mchanga hukua polepole, na magugu huushinda katika majuma sita ya kwanza. Palizi la kwanza liwe juma la pili au la tatu baada ya kuota. La pili, kabla vikonyo havijashuka. Maana karanga ina tabia yake: ua huchanua juu, kisha kikonyo chake huinama na kupenya udongoni, na karanga hukua chini. Ardhi ikiwa ngumu, kikonyo hakipenyi; na jembe likipita wakati huo hukata vikonyo, na kila kikonyo kilichokatwa ni karanga iliyopotea. Tangu hapo magugu yang'olewe kwa mkono tu.

Mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947 ulikuwa na matrekta na fedha nyingi. Lakini udongo ulikauka ukawa mgumu mno, mvua zikawa haba, na mwaka 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha. Fedha peke yake haiamrishi ardhi.

Sasa neno langu kwenu. Mshahara hutoka mwisho wa mwezi, bali magugu hayangoji mwisho wa mwezi. Mtu humaliza fedha yake kwa kulima na kupanda ekari tatu. Siku ya palizi mfuko ni mtupu. Akipeleka fedha juma la saba, amelipa ujira wa kukata vikonyo vyake mwenyewe. Heri ekari moja iliyopaliliwa mara mbili kwa wakati wake.

Kwa hiyo nashauri kila mwanachama atenge fedha ya palizi zote mbili kabla ya kununua mbegu, ndipo apime ukubwa wa shamba. Fedha hiyo iwekwe mikononi mwa yule akaaye shambani, mara nyingi mke au mama, naye apewe ruhusa ya kuita vibarua bila kungoja barua yetu. Yeye ndiye ayaonaye magugu yakiota. Sisi huyasikia tu.