WAUGUZI VIJANA WA ZIMBABWE NA MIPAKA YA AMRI



Tarehe 17 Aprili 2018, Makamu wa Rais wa Zimbabwe, Constantino Chiwenga, jenerali mstaafu aliyeongoza majeshi ya nchi hiyo hadi Desemba 2017, alitangaza kuwafukuza kazi wauguzi waliokuwa wameanza mgomo siku moja tu kabla. Alieleza kwamba serikali ilikwisha toa zaidi ya dola milioni 17 kwa ajili ya malipo yao, na kwamba nafasi zao zingejazwa na wauguzi wastaafu pamoja na waliohitimu mafunzo wakakosa ajira.

Haukupita muda mrefu, chama cha wauguzi kikasitisha mgomo na wauguzi wakarudishwa kazini. Kwa mtazamo wa haraka, amri ilikuwa imeshinda. Yaliyofuata yanaonyesha vingine.

Mwaka 2019 Zimbabwe ilirudia sarafu yake yenyewe, na kufikia katikati ya mwaka 2020 mfumuko wa bei ulipita asilimia 700 kwa mwaka. Muuguzi kijana aliona mshahara wake ukiyeyuka mkononi. Migomo ikazuka tena. Hata ruhusa ya kufanya kazi siku chache kwa wiki, waliyopewa kwa kuwa nauli ililemea mishahara, ilifutwa mwaka huo huo. Ndipo maelfu wakachagua njia isiyohitaji mgomo, nayo ni kuondoka. Wengi walielekea Uingereza.

Januari 2023 sheria mpya iliweka kikomo cha saa 72 kwa mgomo wa watumishi wa afya, pamoja na kifungo kwa viongozi watakaoivunja. Machi mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani liliitaja Zimbabwe miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Sheria inaweza kufupisha mgomo. Haiwezi kumzuia muuguzi asiandike barua ya kuacha kazi.

Ni kweli kwamba wodi yafanana na kikosi. Kuna sare, vyeo na zamu, na uzembe wa mtu mmoja huweza kuua. Tena mgonjwa aliyelala kitandani hana hatia katika ugomvi wa mishahara. Kwa hiyo nidhamu hospitalini si jambo la kubembelezana. Lakini askari hawezi kuhamia jeshi la nchi nyingine apendavyo. Muuguzi kijana mwenye cheti anaweza. Kwa sababu hiyo kiongozi wake anahitaji kuaminiwa kuliko kuogopwa.

Muuguzi mkuu mwenye busara hawarundikii wadogo zamu zote za usiku huku wakubwa wakilala majumbani. Hamkemei kijana mbele ya mgonjwa. Humweleza sababu ya agizo, kisha humfundisha kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, wema wa muuguzi mkuu haulipi kodi ya nyumba. Serikali nayo haina budi kutimiza sehemu yake, la sivyo kiongozi wa wodi atabaki akiongoza vitanda.

Ofisa yeyote aliyewahi kuongoza vijana katika mazingira magumu alijua hayo zamani: kikosi humfuata kwa moyo yule anayeshiriki shida zake na kupigania haki zake. Amri humrejesha mtu kazini. Haki na mfano mwema ndivyo vinavyomfanya abaki.